Mashine ya Milingi ya Karakana ya Nyumbani: Uzito, Pleyi na Fezi za Umeme

Puli ya mashine ya posho ikianza kugonga kwenye shafti, mara nyingi kosa liko kwenye kii, kile kipande cha chuma kinachokaa kwenye mfereji na kuifunga puli na shafti zizunguke pamoja. Mfereji ulichongwa kwa grainda na tindo, ukamaliziwa kwa tupa, na upana wake ukazidi kii kwa nusu milimita. Wiki ya kwanza puli inatulia. Baada ya muda inasikika ikibisha kila mota inapowashwa, na mwishowe kii inakatika, au inaula ukuta wa mfereji mpaka shafti nzima inafaa kutupwa. Kazi hiyo moja inatosha kumfanya fundi wa Katwe, Jinja, Mbale au Arua hapa Uganda aanze kuulizia mashine ya milingi. Na ndiyo kipimo kizuri cha kuichagulia mashine yenyewe, kwa sababu mfereji wa kii unadai kila kinachotenganisha mashine nzuri na mbovu: mwili mgumu, spindo (mhimili unaokizungusha kisu) isiyoyumba, na skrubu za kusogezea meza zisizo na pleyi nyingi, yaani ulegevu unaoufanya mkono uzunguke kabla meza haijasogea.

Tuelewane kwanza kuhusu jina. Ukiulizia "mashine ya kusaga" utaonyeshwa ya posho. Milingi ni mashine ambayo kisu kinazunguka na kazi, yaani kipande kinachochongwa, imefungwa mezani, kinyume cha lethi, ambako kazi ndiyo inayozunguka na kisu kimetulia. Meza inakwenda kulia na kushoto, mbele na nyuma. Kisha ama meza ama kichwa kinapanda na kushuka.

Wengi hujaribu kwanza kufunga kisu cha milingi kwenye drili ya kusimama. Haifai, na sababu yake ni ya kimaumbile, si ya ustadi wa mkono. Drili imeundwa kusukuma chini tu. Choki yake imeshikiliwa na tepa (shina lenye umbo la koni) fupi isiyo na boliti ya kuivuta juu, kwa hiyo kisu kinaposukumwa ubavuni, tepa inatikisika, inaachia, na choki inaanguka ikiwa inazunguka. Beringi zake nazo hazikupangwa kubeba nguvu ya ubavu. Mtu anaumia kwa ajili ya mfereji ambao hata hivyo utatoka umepinda.

Nguvu ya mota inadanganya

Kitu cha kwanza anachotaja muuzaji ni nguvu ya mota, na ndicho kisichokusaidia sana kuchagua. Chukua kisu cha HSS, kile chuma kigumu cha kawaida cha kutengenezea visu, cha milimita 10 chenye meno manne, kinachozunguka mara 800 kwa dakika kwenye chuma laini. Kila jino likitoa unyoa wa milimita 0.05, meza inakwenda milimita 160 kwa dakika. Ukikata kina cha milimita 1 kwa upana wote wa kisu, unaondoa milimita za ujazo 1,600 kwa dakika. Chuma laini kinahitaji takriban jouli mbili na nusu kwa kila milimita moja ya ujazo, kwa hiyo kisu kinatumia chini ya wati 70. Hata ukiongeza zinazopotea kwenye giya na mikanda, mota ya wati 500 haijafika nusu ya uwezo wake.

Sasa kwa nini mashine ndogo yenye mota hiyohiyo inalia na kutetemeka kwenye kazi hiyohiyo? Kwa sababu inapinda. Katika mfano wetu meno yanapiga chuma zaidi ya mara 50 kwa sekunde. Kila pigo linasukuma nguzo nyuma kidogo, nguzo inarudi, pigo linalofuata linaikuta imeshasogea. Mtetemo ukikutana na kupinda huko, uso wa kazi unatoka na alama kama magamba ya samaki, kisu kinapoteza makali mapema, na mfereji uliotakiwa kuwa milimita 12 unakuwa 12.2. Dawa ya kupinda ni chuma kingi cha kusubu kilichowekwa mahali panapostahili: nguzo nene, reli pana, meza nzito. Ndiyo maana, kati ya mashine mbili za bei inayokaribiana, uliza kilo kabla ya kuuliza nguvu ya mota.

Kisu chenyewe nacho kina sheria yake. Kikichomoza milimita 60 kutoka kwenye koleti, kile kibano cha duara kinachokishika, kinapinda mara nane ya kikichomoza 30, maana upindaji unakua kwa urefu uliozidishwa mara tatu wenyewe kwa wenyewe. Mtu anaweza kununua mashine ya tani moja akaharibu kazi kwa kuacha kisu kirefu bila sababu.

Aina utakazokutana nazo

Ndogo kabisa ni zile za mezani za kilo 50 hadi 60, familia inayojulikana kama X2, zinazotengenezwa China na kuuzwa kwa rangi na majina mengi. Watu wawili wanaibeba, inatumia umeme wa kawaida wa nyumba, na bei yake inavutia. Udhaifu wake unajulikana: nguzo imeshikwa chini na nati moja kubwa ili iweze kuinamishwa, na hapo ndipo inapopinda. Nyingi zina giya za plastiki ndani ya kichwa. Kisu kikikwama, meno ya giya yananyoka, kwa hiyo mwenye mashine hii hukaa na giya za akiba sandukuni. Kwa aluminiamu, shaba na vipande vidogo vya chuma ni mashine halali. Mfereji wa milimita 6 au 8 utaupata kwa kukata kina cha 0.3 kila mara, polepole. Kwa anayetaka kupokea shafti za posho kila siku, hapana.

Juu yake kuna za mezani za kilo 100 hadi 170 zenye nguzo ya mraba isiyoinama. Kwa karakana ya nyumbani yenye mlango wa kawaida na umeme wa fezi moja, hili ndilo kundi la kuanzia. Zinakata chuma laini kina cha milimita 1 bila kulalamika, na watu wanne wenye mti imara wanaiingiza ndani.

Halafu kuna mashine za nguzo ya duara, kama zile za aina ya RF-30 zenye asili ya Taiwan, karibu kilo 300. Chuma ni kingi kwa bei, na mwili hauna aibu. Tatizo ni moja, lakini linauma: ukilegeza kichwa ili kukipandisha, kinaweza kugeuka kuizunguka nguzo, na shabaha yako yote inapotea. Umetoboa tundu kwa drili fupi, sasa unataka kuweka drili ndefu, inabidi upandishe kichwa, na ukishafanya hivyo utaanza kutafuta katikati upya. Anayeinunua lazima apange visu na drili vyake vitoshe kwenye mshuko wa spindo bila kugusa kichwa. Mashine za RF-45 zina uzito unaokaribiana nazo lakini reli ya nguzo ni bapa, kichwa kinapanda wima bila kugeuka. Ukipata nafasi ya kuchagua kati ya hizo mbili, ongeza pesa uchukue ya reli bapa.

Kubwa inayoota kila fundi ni ya goti na mnara, ile ambayo wengi huiita Bridgeport hata kama imetengenezwa kwingine. Jina linatokana na mji wa Bridgeport, Connecticut, Marekani, ambako mashine ya kwanza ilitoka mwaka 1938. Baadaye zilitengenezwa pia Uingereza. Meza imekaa juu ya goti linalopanda na kushuka, kichwa kinainama, mkono wa juu unasogezwa mbele na nyuma. Uzito unakaribia tani moja, na kichwa cha puli za ngazi kinatoa mizunguko kuanzia 80 hadi 2,720 kwa dakika. Mashine ya namna hii iliyotumika lakini haijachakaa inashinda mpya yoyote ndogo ya bei hiyohiyo. Neno zito katika sentensi hiyo ni "haijachakaa", na tutalirudia.

Usiidharau milingi ya kulala, ambayo spindo yake inalala badala ya kusimama. Wanunuzi wengi wanaipita, kwa hiyo bei yake huwa chini. Kwa mifereji ya kii kisu chake cha duara, kinachoshikwa pande zote mbili, hakipindi kama kisu cha kusimama, na kwa kuchonga giya kwa kutumia kichwa cha kugawanya ni bora kuliko zote. Kichwa hicho kwa kawaida kinahitaji mizunguko 40 ya mkono ili kazi igeuke mara moja. Giya ya meno 24 inataka mzunguko mmoja na theluthi mbili kwa kila jino. Kwenye sahani ya matundu 18, ni mzunguko mmoja na matundu 12.

Mtego wa urefu

Karatasi ya mashine itakuambia meza inakwenda milimita 400 au 500. Soma pia nafasi iliyopo kati ya pua ya spindo na meza, maana hapo ndipo wengi hunaswa. Tuseme ni milimita 280. Jiliwa linachukua 75. Kazi, 40. Choki ya drili na shina lake, 95. Drili ya kawaida ya milimita 12 inachomoza karibu 100. Jumla ni 310, na bado hujaweka nafasi ya kupitisha drili juu ya kazi. Mashine haiwezi kutoboa tundu hilo, ingawa karatasi ilisema inatoboa hadi milimita 20. Fanya hesabu hii dukani, kwa rula, kwa kazi unayoijua.

Upana wa safari ya meza uupime kwa kazi zako pia. Kichwa cha silinda cha pikipiki kinatosha popote. Cha injini ya gari ya silinda nne kinaweza kuzidi milimita 400, na ili kusawazisha uso wake kwa kupita mara moja, kisu kinapaswa kutoka kabisa pande zote mbili, kwa hiyo ongeza kipenyo cha kisu kwenye urefu wa kazi.

Tepa ya spindo

Mashine ndogo na za kati huja na MT3 au R8. Zote mbili hukazwa kwa boliti ndefu inayopita ndani ya spindo. MT3 ina mteremko mdogo sana, kiasi cha 1 kwa 20, kwa hiyo inang'ang'ania: kuitoa lazima ulegeze boliti kidogo kisha uigonge kwa nyundo, na kila pigo linaingia kwenye beringi. R8 inaachia kwa pigo jepesi, na boliti yake ina nyuzi za inchi 7/16 zenye nyuzi 20 kwa inchi, jambo la kukumbuka kabla hujachongesha boliti mpya ya milimita. Mashine kubwa zaidi zina ISO 30 au ISO 40, ambazo zinaachia zenyewe na zinabeba kazi nzito. Kati ya MT3 na R8, chukua R8. Tepa ngeni isiyo na jina iache hata kama mashine ni nzuri, labda uwe na lethi ya kujichongea vishikio.

Kasi ya chini kuliko ya juu

Hesabu ya mizunguko ni mita za kasi ya kukata mara 1,000, gawanya kwa kipenyo cha kisu mara 3.14. Kwa HSS kwenye chuma laini, tumia mita 25 kwa dakika; chuma cha kusubu, 18 hadi 20. Kisu cha milimita 10 kinataka mizunguko 800 hivi, cha 20 kinataka 400, na kisu kipana cha kusawazishia cha milimita 63 kinataka 126 tu. Anayetazama kasi ya juu ya mashine amekosea upande. Kinachotakiwa ni ishuke chini ya 150 ikiwa bado na nguvu. Mashine ndogo za mota ya DC zinaandikwa kuwa zinashuka hadi 100, lakini huko chini mota inakosa nguvu na kisu kinasimama ndani ya kazi. Zenye giya au puli za ngazi hazina ugonjwa huo. Visu vya kabaidi vinastahimili mara tatu au nne ya kasi ya HSS, ila vinavunjika kirahisi kwenye mashine inayotetemeka. Anza na HSS.

Kukagua mashine iliyotumika

Nenda na geji ya saa yenye shina la sumaku, tochi, kitambaa, na muda wa kutosha. Muuzaji anayekuharakisha muache.

Anza na pleyi ya skrubu. Weka geji iguse ubavu wa meza. Zungusha mkono wa meza upande mmoja mpaka sindano isogee, sawazisha namba za mkono kwenye sifuri, kisha zungusha kinyume polepole mpaka sindano ianze tena kusogea. Soma namba za mkono: hiyo ndiyo pleyi. Milimita 0.1 hadi 0.2 ni ya kawaida kwa mashine ya mkono. Rudia kipimo hicho katikati ya safari na karibu na ncha zote mbili. Ukikuta 0.6 katikati na 0.15 pembeni, skrubu imelika katikati, mahali ilipofanyia kazi miaka yote. Hapo kukaza nati hakutaponya: ukikaza kwa ajili ya katikati, pembeni itagoma kuzunguka. Bei ishuke kwa gharama ya skrubu na nati mpya, au uondoke.

Pleyi ina hatari kuliko inavyoonekana. Kisu kinapokata kwa kufuata mwendo wa meza, kinaivuta meza kuelekea kwake. Kama skrubu ina pleyi ya nusu milimita, meza inaruka nusu milimita kwa ghafla, na jino lililopangiwa 0.05 linakutana na unyoa mnene mara kumi. Kisu kinavunjika, au kazi inang'oka kwenye jiliwa. Kwenye mashine yenye pleyi, kata siku zote kwa kusukuma kazi dhidi ya mzunguko wa kisu.

Kisha spindo. Ingiza ncha ya geji ndani ya tepa, zungusha spindo kwa mkono. Mchezo wa 0.01 ni mzuri. Ukifika 0.03, futa tepa vizuri upime tena. Kama haujabadilika, ama tepa imechubuka kwa koleti iliyozunguka ndani yake, ama beringi zimechoka. Teremsha spindo milimita 50 ikiwa haijafungwa na uisukume kwa mkono huku na huku. Halafu washa mashine dakika kumi kwa kasi ya kati, kumi kwa kasi ya juu. Shika pua ya spindo: joto la kiasi ni sawa, lakini ikikulazimisha kutoa mkono, beringi zimekazwa kupita kiasi, zimekauka, au zimekwisha.

Reli ziangalie kwa tochi kutoka ubavuni. Mashine iliyotunzwa bado ina michubuko midogo ya mapambo iliyochongwa kiwandani ili kushika oili. Mahali ilipofutika kabisa upande mmoja na kubaki upande mwingine, hapo ndipo uchakavu ulipo. Inua ncha ya meza kwa mkono huku geji ikiiangalia. Ikipanda sana, kaza gibu, ule ubapa wa chuma ulio kati ya meza na reli, kisha upeleke meza hadi mwisho. Ikigoma huko baada ya kuwa sawa katikati, reli zimelika.

Matundu ya drili kwenye meza yanaonyesha tabia ya waliokuwa wakiitumia, ila peke yake hayaharibu kazi. Kinachotia wasiwasi zaidi ni oili. Karakana nyingi hupaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini, na ile ina masizi na unga wa chuma ndani yake. Ni kama kupiga reli msasa kila asubuhi. Oili ya reli ya daraja la 68 ndiyo inayofaa, na ikikosekana, haidroliki safi ya daraja hilohilo inashika nafasi.

Angalia pia namba za mikono. Mashine za zamani za Uingereza na Marekani zina inchi. Kwenye Bridgeport, mzunguko mmoja ni inchi 0.200, yaani milimita 5.08. Unaweza kuishi nazo, lakini mtu anayesoma milimita kwenye mchoro na inchi kwenye mkono atakosea siku moja akiwa amechoka. Kifaa cha kusoma mwendo kwa vioo vya vipimo, kile chenye skrini ya namba, kinaondoa tatizo hilo na kinakuonyesha meza iliko kweli, pleyi ikiwepo au isiwepo. Kati ya nyongeza zote, hicho ndicho cha kwanza kununua baada ya jiliwa.

Umeme

Nyumba nyingi Uganda zina fezi moja ya volti 240 na mita ya Yaka. Mashine kubwa zinataka fezi tatu za volti 415. Unaweza kuomba fezi tatu kwa UEDCL, kampuni ya serikali ambayo ilichukua usambazaji wa umeme tarehe 1 Aprili 2025 baada ya mkataba wa kampuni ya Umeme kwisha, lakini kama nguzo ya jirani haina nyaya za fezi tatu, gharama itakuwa kubwa. Njia ya wengi ni inveta: inaingiza fezi moja ya 240 na kutoa fezi tatu za 240.

Neno "240" upande wa kutoka ndilo lenye siri. Soma bati la mota. Likiandikwa 230/400 pamoja na alama ya delta na nyota, ambazo ni namna mbili za kuunganisha koili za mota, mota hiyo inafungwa delta kwa volti za chini, kwa kuhamisha vile vipande vitatu vya shaba ndani ya kisanduku cha nyaya. Hapo inveta ya kawaida inatosha. Likiandikwa 400/690, inveta ya 240 haitaipa nguvu yake. Itazunguka ikiwa dhaifu. Mota za kasi mbili zinazobadilishwa kwa swichi nazo mara nyingi haziwezi kugeuzwa hivyo. Wakati mwingine mota kongwe ina nyaya tatu tu zinazotoka nje, na ncha zilizounganishwa nyota zimefichwa ndani ya koili. Fundi wa kusuka mota anaweza kuzifungua. Kama kazi hiyo haiwezekani, kubadilisha mota kwa mpya ya kilowati 1.5 yenye 230/400 ni rahisi kuliko kuhangaika.

Unganisha mota moja kwa moja kwenye inveta. Usiweke swichi katikati yao. Kuikata mashine ikiwa inazunguka kunaweza kuunguza inveta. Washa na uzime kwa vitufe vya inveta yenyewe. Inveta inapunguza kasi ya mota kwa kupunguza hezi, ila usikate kazi nzito chini ya hezi 20 au 25, maana feni ya mota inazunguka nayo na haipozi tena; ukitaka kasi ndogo hamisha mkanda. Kwa kilowati 1.5, tumia waya wa milimita za mraba 2.5, kikata-umeme cha ampea 20, na waya wa ardhi uliofika kwenye fimbo halisi ardhini, si ule ulioishia kwenye soketi.

Mashine iliyotoka Marekani inakuja na hezi 60. Kwenye hezi zetu 50 mota ya mizunguko 1,725 inashuka hadi karibu 1,440, na ikipewa 240 badala ya 220 iliyoandikwa, inachemka, kwa sababu volti zimeongezeka huku hezi zikipungua. Inveta inalitatua hilo pia, kwa kuiwekea hezi 60.

Mashine ndogo zenye mota za DC zina bodi ya umeme inayochukia volti kupanda ghafla. Ziwekee kilinda-volti, na mvua ya radi ikianza chomoa waya ukutani. Bodi ikiungua, mashine inakaa wiki kadhaa ikisubiri nyingine.

Bei isiyoandikwa

Mashine bila vifaa haikati chochote. Tenga theluthi moja hadi nusu ya bei yake kwa ajili ya jiliwa, koleti, seti ya vibano, visu na geji. Jiliwa la milimita 100 linafaa mashine ya mezani. La 150 ni la mashine ya goti. Usichukue jiliwa la drili: taya lake la mbele linanyanyuka unapokaza, na kazi inainuka nalo. Vibano vifuate upana wa mifereji ya meza, kwa kawaida milimita 12 kwa za mezani na 16 kwa Bridgeport.

Koleti za ER32 zinashika kuanzia milimita 2 hadi 20, na kila moja inabana milimita 1 tu chini ya saizi yake. Kosa la kawaida ni kuiingiza koleti kwenye kishikio kwanza kisha kufunga nati juu yake. Inatakiwa ibofyezwe ndani ya nati mpaka ilie "tak", ndipo vyote viingie pamoja. Usipofanya hivyo kisu kinayumba, na koleti inakwama ndani wakati wa kutoa.

Ukiagiza kutoka nje kupitia Mombasa na Malaba, mwombe wakala wa forodha akupigie hesabu kwa kifungu cha 8459 kabla hujalipa chochote. VAT ya 18% inahesabiwa pamoja na gharama za usafiri na bima, si kwa bei ya mashine peke yake.

Kuiingiza na kuisawazisha

Mashine ya goti ina kichwa kizito juu, inapenda kuanguka. Kabla ya kuivuta, shusha goti hadi chini, rudisha mkono wa juu nyuma, pindua kichwa kitazame chini, kaza boliti zote. Isogeze juu ya mabomba matatu ya chuma kwenye zege, nondo ikitumika kuinua, na mtu yeyote asisimame upande wa mteremko. Sakafu ya udongo au murami haitaibeba. Mwaga zege la milimita 150 kwanza na uliache likomae.

Ikishakaa, weka geji kwenye spindo kwa mkono mrefu, izungushe ichore duara la milimita 150 juu ya meza. Tofauti kati ya kulia na kushoto, mbele na nyuma, isizidi 0.02. Kichwa kikiwa kimeinama, kisu cha kusawazishia kitaacha bonde katikati ya kazi.

Sasa funga shafti ya milimita 40. Kii yake ni 12 kwa 8, na kina ndani ya shafti ni milimita 5. Weka kisu cha meno mawili cha milimita 10, mizunguko 800, badala ya kurukia kile cha 12: kisu kinachojaza mfereji mzima huvutwa upande mmoja na kuupanua. Bandika kipande cha karatasi chenye oili ubavuni mwa shafti, sogeza kisu kinachozunguka taratibu mpaka karatasi inyakuliwe. Inua kisu, peleka meza milimita 25.1: nusu ya shafti 20, nusu ya kisu 5, na unene wa karatasi 0.1. Uko katikati. Shuka nusu milimita kila mara hadi kina cha 5, kisha fungua milimita 1 kila upande, ukiwa umeondoa pleyi kwa kufika kwenye kila namba kutoka upande uleule. Kabla ya kupita kwa mwisho, pima kwa kii yenyewe. Inatakiwa iingie kwa kugongwa na nyundo ya shaba, na ikishakaa isitikisike kwa vidole.